Chora Jiwe, Usichore Jani

Bi Rukia alivuka kutoka Unguja juzi kuja harusini kwetu hapa Tanga, na kabla hata hajavua baibui akanipa habari. "Yule mwalimu wako wa majani ya mawe katutoka, Mwanaidi. Mwanangu kanipigia simu kutoka Guangzhou." Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini, nikakaa. Bi Rukia akamwombea dua mikono juu, bila kujiuliza kama mwalimu Kuang alikuwa na dini au hakuwa nayo, kisha nikamtilia chai. Lakini huyu bibi kunyamaza hakuwezi. Chai haijapoa akaanza: "Ungemwambia zipo tu. Ungepungukiwa na nini?" Ugomvi wetu huu ni mkubwa kuliko mtoto wangu wa kwanza. Binti yangu, aliyekuwa akipanga vikombe, akauliza zipo nini. "Mbegu," nikamjibu. "Mbegu za jani lililokufa zamani, dunia haijaona hata ndege." Akacheka, akaenda zake jikoni. Mimi nikabaki na hasira ambayo sikujua nimwelekeze nani, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nilikuwa Guangzhou mwaka ule uliofuata Hong Kong kurudishwa kwa Wachina. Nilipelekwa kusomea mambo ya mafuta ya ardhini, na ilipofika sikukuu yao ya mwaka mpya nilikuwa nimeanguka mitihani yote isipokuwa ule wa kuchora ramani. Kichina cha sokoni nilikiweza, tena kwa mbwembwe. Kichina cha darasani kilinipita hivi hivi. Afisa wa wanafunzi wa kigeni, bwana mpole aliyenionea huruma kuliko nilivyotaka, akaniuliza kuna kitu gani ninachokijua vizuri. Nikamwambia ukweli: kupaka maharusi hina. Nilidhani ndiyo nimejikatia tikiti ya kurudi nyumbani. Akanitazama vidole, akanipandisha mpaka ghorofa ya juu ya jengo la jiolojia, kwenye chumba walichochorea visukuku, yaani viumbe vya kale vilivyogeuka mawe. Ndani alikuwemo mwanamke mmoja, nywele nyeupe zimekatwa usawa wa masikio, ameinamia jiwe mpaka pua karibu inaligusa. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Funga mlango, upepo unanipeperushia karatasi." Huyo ndiye mwalimu Kuang, na mpaka leo nikimtaja moyoni ninamwita laoshi, mwalimu, kama nilivyomwita mdomoni.

Chumba kile ninakijua kuliko ninavyoijua sebule hii niliyokaa. Dirisha kubwa lilitazama kaskazini, maana jua halikutakiwa kuingia; mwanga ulitoka kwenye taa ya mezani yenye shingo ndefu, nayo daima iliwekwa kushoto, juu. Mawe yalipangwa kwenye trei za mbao, kila jiwe na jani lake jeusi mgongoni. Kulinukia wino na chai iliyolala. Mchana laoshi alifungua kopo lake la chakula la bati: wali, mboga za chumvi, na kipande cha samaki mkavu wa chumvi. Ng'onda mtupu! Siku ya kwanza harufu ile iliponifikia nililia, sina aibu kusema. Hakuniuliza nalilia nini. Alikata samaki katikati, akanisogezea nusu kwa ncha ya vijiti, akaendelea kula. Baadaye nilikuja kujua kwamba tangu wiki ile hakubeba tena nyama ya nguruwe katika kopo lile, na hakuwahi kulitaja jambo hilo hata kwa mzaha. Macho yake yalikuwa yanakufa. Ilikuwa presha ya macho, na madaktari walikwisha mwambia kilichokwenda hakirudi. Aliona pembeni kidogo, katikati ukungu. Kwa hiyo aliposema anatafuta mkono wa kumchorea, alikuwa anatafuta na macho.

Jiwe la kwanza alilonipa lilikuwa na jani lililovunjika upande mmoja. Mpakaji hina yeyote angefanya nilichofanya mimi. Ukipaka kiganja cha bi harusi, ua la kulia linakwenda sawa na la kushoto. Mkono unajua njia kabla ya macho kufika. Nikachora upande uliokuwepo, kisha nikaumalizia ule uliovunjika, vizuri sana, hata mimi mwenyewe nikajipenda. Laoshi akaiweka karatasi pembeni mwa jicho lake, akaitazama kwa muda. "Upande huu uliuona wapi?" Nikasema unafanana na ule mwingine. "Sikukuuliza unafanana na nini. Uliuona wapi?" Akaichana karatasi vipande viwili, taratibu, bila hasira, kama mtu anayemenya chungwa. "Xiao Yi," ndivyo alivyoniita, Yi mdogo, "jani limekufa, hukuwepo. Kilicho mezani ni jiwe. Chora jiwe, usichore jani." Niliporudi bwenini usiku ule nilimtukana kwa Kiswahili mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza kama nimefiwa.

Ukutani alikuwa amebandika nakala za michoro ya zamani kutoka Ulaya, ya watu wa mwanzo kabisa waliojaribu kuchora vitu hivi, wakati elimu yenyewe haijapata jina. Nilipoharibu kazi alinisimamisha mbele yake kama mtoto wa madrasa. "Soma kosa," alisema. Palikuwa na mchoro wa daktari mmoja wa milimani, zamani za kuchapia kwa bamba la shaba, aliyeamini mawe yote yale ni mabaki ya Gharika ya Nuhu. Aliona shuke changa katika jiwe, akahesabu, akatangaza kwamba maji yalikuja mwezi wa Mei. Bi Rukia nilipomsimulia hiyo alisema yule bwana angalau alikuwa na imani. Palikuwa na nyota nyeusi zilizochorwa kama maua ya bustani, petali na vikonyo, kumbe ni majani tu yaliyozunguka kijiti. Palikuwa na gome la mti lenye magamba, ambalo watu walilionyesha kwenye maonyesho kwa kiingilio, wakidai ni ngozi ya joka. Na mchongaji wa bamba, asipokuwa mwangalifu, picha ilitoka imegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Mwanga nao unahama, na shimo linaonekana kama kivimbe. "Hawakuwa waongo," laoshi alisema. "Waongo ni rahisi kuwagundua. Hawa walichora walichokiona. Wasiwasi wangu mimi ni kwa watu waaminifu." Nilidhani anazungumza habari za Ulaya.

Mwezi wangu wa pili pale nilimsikia mkuu wa idara akigombana na laoshi nyuma ya mlango. Daktari Shen alikuwa kijana kwa cheo kile, mwenye adabu, sauti yake haikupanda hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Idara ilikuwa inatayarisha kitabu kikubwa cha mimea ya kale ya kusini, na mchoro mmoja ulikuwa unamkosesha usingizi. Laoshi aliuchora akiwa msichana wa umri wangu, kambini kwenye machimbo ya makaa ya mawe huko kaskazini mwa jimbo: jani kubwa, pana kama sinia, na kwenye ukingo wake mbegu mbili zimeshikamana. Mbegu zile ndizo zilizompa jina. Majani ya aina hiyo yamejaa makabatini, lakini hakuna mtu mwingine aliyewahi kuyakuta na mbegu. Na jiwe lenyewe lilivunjwavunjwa miaka ya vurugu, vijana walipoingia maghala na nyundo kuvunja kila cha kale. "Siwezi kuchapisha mbegu ambazo hakuna anayeweza kuziona," Daktari Shen alisema. Laoshi akajibu, "Mimi niliziona." Yeye akasema, "Najua, laoshi. Lakini nikiuacha mchoro nje, lazima nieleze kwa nini. Nitalazimika kuandika kwamba hauaminiki." Kisha nikasikia kifuniko cha kopo la chakula kikifungwa. Daktari Shen alimpa muda wa kuleta ushahidi mpaka mwisho wa majira ya kuchipua, kitabu kinapokwenda mtamboni. Alipotoka alinikuta nimesimama pale kama mwizi. Aliniamkia kwa kichwa, na niliona naye alikuwa ameumia.

Ijumaa nilikwenda Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wetu wa Kiafrika, kama kawaida yangu. Bi Rukia alikuwa amepanga ofisi ndogo katika Tianxiu, jengo lenyewe bado linanuka rangi mpya, na chumba cha kulala uchochoroni Dengfeng, ambako alipika pilau kwenye jiko la umeme lililokatazwa na mwenye nyumba. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Alijua Kichina maneno matatu: laoban, kwa kumwita yeyote mwenye duka, tai gui, ghali mno, na meiyou, hakuna. Hilo la mwisho alilisikia kutwa. "Meiyou si jibu," alikuwa akiwafundisha wageni waliotoka Dar. "Meiyou ni mwanzo wa bei. Kaa chini, omba maji, anza upya." Siku ile sikuweza kula. Nikamweleza kisa chote, akanisikiliza huku anachambua nyama. "Sasa huyo mama, neno lake halitoshi? Mtu mzima kasema kaona."

"Halitoshi, Bi Rukia. Kule neno halitoshi, lazima jiwe."

"Basi mtafutieni jiwe. Kulia lia hapa kunasaidia nini?"

Nilicheka kwa uchungu, lakini Jumatatu laoshi mwenyewe ndiye aliyelikumbuka. Jiwe la namna ile likipasuliwa hutoa nyuso mbili, jani upande huu na alama yake upande wa pili, kama mkate uliokatwa na siagi ikabaki kotekote. Uso mmoja ulipelekwa mjini, ndio uliovunjwa. Wa pili mpishi wa kambi aliuomba, kwa sababu ulikuwa bapa na mzito, akauweka juu ya mboga kwenye mtungi wa chumvi zisielee. "Tulikula mboga zile mwaka mzima," laoshi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akitabasamu na meno yote. "Nenda, Xiao Yi. Mimi njia siioni tena." Nilipomwambia Bi Rukia kwamba naondoka peke yangu kwenda machimboni, alivaa viatu palepale. Mtoto wa watu hawezi kuachwa apotelee mashambani huko, alisema, na mzigo wake wa bandarini Huangpu ungemsubiri, meli haijafika hata hivyo.

Machimbo yalikwisha fungwa. Mpishi alikwisha fariki, lakini mjane wake alikuwepo, na mitungi ilikuwepo, imepangwa ukutani uani, kila mmoja na jiwe lake. Nikamweleza. Akasikiliza, akatutazama sisi wawili na mitandio yetu, akasema, "Meiyou." Bi Rukia akavuta kigoda, akakaa. "Hiyo naijua," akaniambia. "Mwombe maji." Ikawa hivyo, maji, kisha chai, kisha njugu za kuchemsha, na mwishowe yule mama akaona aibu, akafunua mtungi wa mwisho, ule uliotoka kambini. Jiwe lilikuwepo, limeota ganda jeupe la chumvi na chokaa, halionyeshi kitu. Lakini mboga je? Bila jiwe zitaoza. Bi Rukia akainuka, akashuka mtoni na baibui lake limekunjwa magotini, akarudi kakumbatia jiwe la mtoni, akalisugua kwa majivu mpaka likang'aa, akalitia mtungini kwa mikono yake mwenyewe. Tena akamvua yule mama kikoti kilichochanika na kumvisha sweta la sampuli alilokuwa nalo mkobani. "Mwambie uzito ni ule ule. Mwambie na sweta ni la baridi yake." Mjane akalia, Bi Rukia naye akalia, hakuna aliyemwelewa mwenzake hata neno. Kwenye basi la kurudi nililipakata jiwe lile njia nzima, linanuka chumvi, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa namna ile.

Tulilifikisha wakati wa unyevu, ule msimu wa Guangzhou ambapo kuta zinatoka jasho na wino unagoma kukauka. Laoshi hakutaka Daktari Shen aitwe. "Kwanza sisi," alisema. Bi Rukia akapewa kiti karibu na dirisha na kikombe cha chai. Nililisafisha ganda kwa maji na brashi laini, kidogo kidogo, kutwa nzima, laoshi kando yangu ameweka mikono mapajani kama mtu anayesubiri zamu hospitali. Mshipa wa katikati ukatokea. Mishipa midogo ikafuata, myembamba kama mistari ya hina iliyokaribia kufutika. Lilikuwa lenyewe, ufa mmoja wa pembeni ulikuwa sawasawa na ule wa mchoro wake. Laoshi akasogeza kiti karibu. "Ukingo wa juu," alisema. "Kulia kwenye mchoro, kwa hiyo hapa ni kushoto. Umefika?"

Nilikuwa nimefika. Nilikuwa nimefika kitambo, na nilikuwa nasugua mahali palepale palipokwisha takata. Ukingo ulikuwepo mzima, umezunguka vizuri, safi, laini. Halafu mahali pa mbegu jiwe lilikuwa limemeguka, kidogo tu, mmeguko wa zamani uliokwisha badilika rangi, nao ulikuwa na umbo la duara mbili. Duara mbili za jiwe tupu; vigae vyake vikibaki vimeng'ang'ania uso ule mwingine vingeonekana mbegu kabisa. Jani lilipita chini yake halijaguswa, na hapakuwa na kikonyo wala alama ya kitu kushikamana.

"Taa iko wapi?" laoshi akauliza.

"Kushoto, juu."

"Ihamishe kulia." Nikaihamisha. "Unaona nini?"

"Mmeguko, laoshi."

"Ilaze taa, mwanga upite juu ya jiwe." Nikailaza. Vivuli vikarefuka, kila mshipa ukasimama, na mahali pale pakabaki palivyo. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mbegu?"

"Meiyou," nikasema.

Bi Rukia akaweka kikombe chini. Hilo neno alilijua. Akanitazama, akamtazama bibi yule aliyekuwa amegeuza uso pembeni ili anione kwa kile kipande cha jicho kilichobaki, na akaelewa kila kitu. "Mwambie zipo," akasema kwa Kiswahili, upesi, kwa sauti ya chini. "Mwanaidi, mwanangu, haoni. Mwambie zipo, kisha jiwe mie nalirudisha kwenye achari yake, tuseme hatukulipata. Mchoro wake utolewe, sawa, lakini yeye alale akijua alisema kweli. Huyu mzee kabakiwa na nini kingine?" Nilimchukia wakati ule kwa sababu nilitaka kumtii.

"Anasemaje?" laoshi akauliza.

Ningeweza kumtafsiria lolote. Nikamwambia, "Anasema nikwambie zipo."

Maji yalikuwa yakitiririka ukutani nyuma ya michoro ya zamani, karatasi zimejikunja pembe. Kisha laoshi akanyoosha mkono, nikamwongoza kidole mpaka ukingoni. Akapita na jani, akafika kwenye mmeguko, akauzunguka, duara ya kwanza, duara ya pili, akarudia. "Niliziona," alisema. Hakuwa ananiambia mimi. "Zilikuwa nyeusi, zinang'aa. Mvua ilikuwa inanyesha." Akaondoa mkono, akaufuta kwenye sketi yake. "Mshukuru mama huyu. Mwambie ana moyo mzuri. Sasa chukua karatasi, uchore. Na ule mmeguko uuache wazi, hata nukta usitie."

Nilichora siku nyingi, kwa sababu ya ule unyevu. Alikaa nami kila siku, na kila siku kopo la chakula lilifunguliwa, samaki akakatwa katikati. Nilipomaliza akaniamrisha nimpelekee Daktari Shen jiwe na mchoro pamoja, na maneno ya kuandika chini yake, aliyoyatunga mwenyewe: kwamba mchoro wa mwanzo ulikuwa wa Kuang, na kwamba ulikosea. Daktari Shen aliyasoma amesimama. Aliomba aruhusiwe kuyalainisha. Nilirudi na ombi lake, laoshi akakataa kwa kichwa tu. Kitabu kilitoka hivyo. Ninacho hapa, ukurasa ule una jina langu kwa herufi ndogo, na wenye elimu hiyo waliniambia ni mchoro mzuri.

Bi Rukia anasema nilimuua. Anasema hivyo kwa mdomo wa mtani, lakini machoni hatanii, na mimi nimechoka kumjibu kwamba laoshi aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwamba binti wa Bi Rukia mwenyewe, yule aliyeko Guangzhou, alikuwa akimpelekea salamu zangu kila mwaka mpya. Aliishi, ndiyo. Lakini tangu majira yale hakugusa tena michoro ya ukutani, hakunisimamisha tena nisome kosa. Mimi nami ninajua kwamba ningesema zipo, angejua. Aliyenifundisha kuona angedanganywaje na macho yangu? Ninalisema hilo kwa uhakika mchana. Saa nyingine sina uhakika nalo.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga. Alikuwa peke yake chumbani, taa imezimwa, maana haikumsaidia tena. Alikuwa amenifungia samaki mkavu katika gazeti, wa safari. Alinishika mkono huu wa kuchorea, akaubonyeza kidole kimoja kimoja, nikadhani ataniambia neno la kwenda nalo nyumbani. Tulikaa hivyo. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Xiao Yi. Siku ile, taa uliiweka na upande wa kulia?"

"Niliiweka, laoshi."

"Na ukailaza?"

"Nikailaza."

"Haya," akasema. "Funga mlango, upepo."